Faili Likigeuzwa, Kuna Kinachoachwa Nyuma

Kuna kazi moja ambayo kwa miaka mingi imewapatia vijana wa mijini riziki yao, nayo haijapata kusifiwa jukwaani. Ni kazi ya kugeuza. Kijana anaketi kibandani na kompyuta yake, pembeni ana deki ya kaseti na deki ya video za mitumba, na mteja anamletea kanda ya harusi ya mwaka 1991 akitaka iingie kwenye simu. Mwingine ana wimbo ambao simu yake inaukataa. Wa tatu ana CD ya mahubiri, anataka iwe kwenye flashi asikilize garini. Kijana anabonyeza hapa na pale, anasubiri, anapokea fedha yake, mteja anakwenda zake. Nyumbani nako, mwenye kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo bila kumlipa mtu.

Wengi wetu tunaichukulia kazi hii kama kumimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine. Maji ni yale yale, kilichobadilika ni chombo. Leo ningependa tuitazame historia yake, kwa maana historia hiyo inaonyesha kwamba katika kumimina huko maji mengi humwagwa kwa makusudi, kwamba wapo watu walioamua yapi yamwagwe, na kwamba kwa miaka karibu ishirini palikuwa na ugomvi mkubwa juu ya nani ana haki ya kushika ndoo.

Tuanze na CD. Kampuni ya Sony ya Japani na ya Philips ya Uholanzi zilishirikiana kuibuni, ikaanza kuuzwa mwaka 1982. Ndani yake sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Tena ni mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata tarakimu 1,411,200 kwa kila sekunde moja ya muziki. Wimbo wa dakika nne unakula megabaiti 42 na ushei. Kwa kompyuta ya nyumbani ya mwanzoni mwa miaka ya tisini huo ulikuwa mzigo wa punda kumbebesha mbuzi. Diski yenye megabaiti 200, ambayo wakati huo ilikuwa diski ya kujivunia, ingejaa kabla hujamaliza wimbo wa tano. Na kama ungetaka kumpelekea rafiki yako wimbo mmoja kwa njia ya simu, kwa modemu yenye kasi ya tarakimu 28,800 kwa sekunde, ungeshika laini kwa zaidi ya saa tatu, na bili ya simu ingekufuata mpaka kitandani.

Jawabu la tatizo hili lilianza kutafutwa kabla hata CD haijatoka. Katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg, huko Ujerumani, alikuwako profesa aliyeitwa Dieter Seitzer. Yeye alitaka kupitisha muziki kwenye waya wa simu. Alipoomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, mkaguzi alimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Profesa hakununa. Alimtafuta mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ili ajaribu kumwonyesha mkaguzi kwamba amekosea, akampata kijana Karlheinz Brandenburg. Brandenburg aliimaliza tasnifu yake mwaka 1989, na kazi ikaendelea katika Taasisi ya Fraunhofer, papo hapo Erlangen.

Siri yenyewe haikuwa ndani ya kompyuta bali ndani ya sikio. Wataalamu wa usikivu, na hasa Mjerumani mwingine, Eberhard Zwicker, walikwisha kueleza kwamba sikio la binadamu halipokei kila kitu. Simama kituo cha daladala, mpiga debe akiwa anaita abiria karibu na sikio lako, halafu mwenzako akunong'oneze neno. Hulipati. Sauti ya mwenzako imefika masikioni, lakini imefunikwa. Muziki nao umejaa manong'ono ya namna hiyo, yaliyofunikwa na sauti kubwa zinazokaribiana nayo, au yanayofuata mara tu baada ya kishindo cha ngoma. Programu ya kubana sauti huugawa muziki katika vipande vidogo vidogo, ikakisia ni kipi sikio litakipata na kipi halitakipata. Kile kisichosikika huandikwa kwa tarakimu chache, au huachwa kabisa. Hivyo zile tarakimu 1,411,200 zikashuka hadi 128,000. Wimbo wa megabaiti 42 ukawa chini ya megabaiti 4. Saa tatu za modemu zikawa dakika kumi na nane hivi.

Ndugu wasikilizaji, nawaomba mlishike hilo neno: ikakisia. Chujio hili lina matundu yaliyopimwa na watu, na watu hao walikuwa na masikio yao na nyimbo zao za majaribio. Wimbo uliopata sifa zaidi katika kisa hiki ni "Tom's Diner" wa mwanamuziki wa Marekani Suzanne Vega, uliotoka katika albamu yake ya mwaka 1987. Ndani yake anaimba peke yake, bila chombo. Brandenburg aliuchukua akaupitisha kwenye programu yake, na sauti ya yule mama ikatoka imekwaruzika vibaya. Muziki wa bendi nzima ulikuwa ukipita vizuri, lakini sauti moja ya mtu, isiyo na kitu cha kujificha nyuma yake, ilifichua kila kasoro. Aliurudia wimbo ule mara nyingi mno, akirekebisha, mpaka ukasikika sawa. Mtihani mwingine mgumu ulikuwa vile vibao vya mkononi vya Kihispania viitwavyo kastaneti, kwa sababu mlio wao ni wa ghafla, na programu huwa na tabia ya kuumwagia ukungu kabla haujalia. Kayamba letu ni la ukoo huo huo. Anayetaka kuona faili lililobanwa kupita kiasi linavyofanana, asisikilize gitaa. Asikilize kayamba, au makofi ya watu ukumbini.

Sasa tufike kwenye jina. Mwaka 1988 lilikuwa limeundwa jopo la kimataifa la kuweka vipimo vya pamoja vya picha na sauti, likiongozwa na Mwitaliano Leonardo Chiariglione. Jopo hilo, linaloitwa MPEG, lilimaliza vipimo vyake vya kwanza mwaka 1992. Kwa upande wa sauti halikuchagua mshindi mmoja, bali liliweka matabaka matatu. Tabaka la pili lilikuwa la Philips na wenzake, rahisi kwa mashine za wakati huo, na wakubwa wakalipenda: likachukuliwa na redio za kidijitali za Ulaya na Video CD. Tabaka la tatu, kazi ya Erlangen, lilibana zaidi lakini lilidai kompyuta yenye nguvu, na karibu likose mnunuzi. Kwa hiyo ile tatu katika jina MP3 maana yake si toleo la tatu, kama wengi wanavyodhani. Ni tabaka la tatu. Jina lenyewe lilipigiwa kura ndani ya taasisi tarehe 14 Julai 1995.

Biashara ilipangwa hivi: programu ya kubana iuzwe ghali kwa makampuni, na ya kusikilizia iuzwe kwa bei ndogo au itolewe kabisa. Mpango mzuri kwenye karatasi. Brandenburg mwenyewe amesimulia jinsi ulivyovunjika: mwanafunzi mmoja wa Australia alinunua ile programu ghali kwa kadi ya benki ya wizi, akaichambua, akaiweka kwenye intaneti bure. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuizuia. Mwaka 1997 kijana wa Kimarekani, Justin Frankel, alitoa programu ya kusikilizia iitwayo Winamp, na mwaka 1999 ikaja Napster, ambayo iliwafanya mamilioni ya watu wabadilishane nyimbo mpaka mahakama ya Marekani ilipoibana na ikafungwa mwaka 2001. Hayo ya Napster yamesemwa sana, mimi siyaongezi chumvi.

Lililosemwa kidogo ni barua. Mwezi Septemba mwaka 1998 Fraunhofer iliwaandikia watengenezaji wadogo waliokuwa wakitoa programu za kubana sauti, wengi wao wakizitoa bure, ikiwaambia kwamba hataza ni yake na hawana budi kulipa leseni. Sheria ilikuwa upande wa taasisi, na sioni sababu ya kuilaani. Watu walikuwa wametumia zaidi ya miaka kumi na fedha za umma wa Ujerumani. Lakini tazameni jinsi jambo lilivyokaa. Kijana wa nyumbani ambaye alitaka kugeuza CD aliyoinunua kihalali ili aisikilize kwenye kompyuta yake, alikuwa anahitaji programu ambayo haiwezi kutolewa bure bila mtengenezaji kupewa barua. Ndoo ilikuwa na mwenyewe.

Siku za barua ile walizaliwa watoto wawili. Wa kwanza anaitwa LAME. Kikundi cha watu wa kujitolea, kilichoanzishwa na Mike Cheng mwaka 1998, kilichukua mfano wa programu uliochapishwa pamoja na vipimo vya kimataifa ili kuonyesha namna kazi inavyofanyika. Mfano huo ulikuwa wa kielimu tu, wa polepole na wenye sauti mbaya. Wao hawakutoa programu kamili. Walitoa viraka tu, kila mtu ajishonee. Hata jina lao lilikuwa la kukwepa: kwa Kiingereza herufi hizo zilitamka kwamba hii si programu ya kubana MP3. Kiraka juu ya kiraka, kufikia mwaka 2000 nguo ya zamani ilikuwa imekwisha, wote ni viraka. Na wasikilizaji waliojipangia majaribio, wakisikiliza bila kujua lipi ni faili lipi, wakaanza kuipa alama za juu kuliko programu za kulipia. Wametunga watu wasiolipwa, jioni baada ya kazi zao.

Mtoto wa pili ni Vorbis. Mmarekani Chris Montgomery aliamua kwamba afadhali kutengeneza muundo mpya kabisa usioigusa hataza ya mtu, akautoa ukiwa umekamilika mwaka 2002. Ulikuwa mzuri, na kwa masikio ya wengi uliushinda MP3. Lakini redio za garini hazikuujua, spika za bei nafuu hazikuujua, na kinasa cha mwenye duka hakikuujua. Hapo ndipo watu walipoanza kugeuza huku na huku: MP3 kuwa Vorbis kwa sababu ya msimamo, kisha Vorbis kuwa MP3 kwa sababu ya redio ya gari.

Na hapo ndipo penye hasara ambayo wateja wa vibandani hawaambiwi. Chujio la MP3 na chujio la Vorbis yana matundu tofauti. Unga uliopita kwenye la kwanza ukiupitisha kwenye la pili, la pili huondoa tena kile ambacho la kwanza lilikiacha. Ni kama fotokopi ya fotokopi ya cheti: kila mara herufi hunenepa, muhuri hufifia, na kwenye nakala ya nne ofisa anakurudisha ukalete halisi. Tena wapo wanaojidanganya kinyume. Wana faili la tarakimu 128,000, wanaligeuza liwe la 320,000 wakiamini wamelinyanyua. Faili linanenepa kweli, lakini ni mchuzi ulioongezwa maji. Kilichotupwa mara ya kwanza hakijui njia ya kurudi.

Upande wa picha mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila mizigo ni mikubwa zaidi. Video CD ilikuja mwaka 1993, na wakati Ulaya na Marekani karibu waipuuze, Asia na Afrika ya Mashariki ziliipokea kwa mikono miwili. Picha yake ilikuwa na nukta 352 kwa 288, na diski moja ilibeba dakika 74. Ndiyo sababu filamu ndefu ilikuja katika diski mbili, na katikati ya mapigano mtu akasimama kubadilisha diski huku ukumbi mzima ukimzomea. Kisha ikaja DVD, nzuri sana, lakini imefungwa kwa kufuli. Mwaka 1999 kijana wa Norway mwenye umri wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake wawili wasiojulikana, alitoa programu iliyofungua kufuli hilo. Alisema alitaka kutazama diski zake mwenyewe kwenye kompyuta yake mwenyewe, isiyotumia programu za Microsoft. Polisi waliipekua nyumba yao Januari 2000. Mahakama ya kwanza ilimwachia huru Januari 2003, waendesha mashtaka wakakata rufani, na Desemba mwaka huo huo akaachiwa tena. Kijana alikulia mahakamani, tunaweza kusema, kwa kosa la kutaka kutazama kitu alichokinunua.

Mwaka ule ule wa 2000 Mfaransa mmoja, Fabrice Bellard, alianza programu aliyoiita FFmpeg. Haina vitufe wala picha za kupendeza. Unaiandikia amri kwa maneno, nayo inasoma karibu kila muundo uliopata kutungwa na kuugeuza kuwa mwingine. Wengine waliipokea wakaiendeleza. Mwaka 2001 wanafunzi wa École Centrale ya Paris walipata kibali cha kuitoa bure programu yao ya kutazamia, VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, nayo ikatumia kazi ya FFmpeg ndani yake. Programu nyingi mno za kugeuza tunazoziona, zikiwamo baadhi zinazouzwa kwa fedha nyingi na rangi za kuvutia, ukizifunua ndani unakuta ni FFmpeg iliyovikwa koti. Kwangu mimi Bellard na wenzake wameufaa ulimwengu kuliko wengi wenye sanamu mijini.

Nitaje jambo moja ambalo lingewaokoa watu na hasara nyingi. Yale majina tunayoyaona mwishoni mwa faili la video, kama AVI, MP4 au MKV, ni majina ya kapu. Ndani ya kapu mna picha iliyobanwa kwa namna yake na sauti iliyobanwa kwa namna yake. Mara nyingi simu inapokataa faili, imekataa kapu tu. Vilivyomo ndani ingeweza kuvila. Basi ukivihamisha kutoka kapu hili hadi lile bila kuvigusa, kazi inakwisha kwa sekunde chache na hakuna tone linalomwagika. Lakini programu nyingi za vitufe hazikuulizi. Hutoa vyakula kwenye kapu, huvirudisha jikoni, huvipika upya, ndipo huvitia kwenye kapu jipya. Umesubiri saa nzima, na umepewa kiporo.

Waama, kipindi kilichofanya madhara makubwa zaidi kwetu ni kile cha simu ndogo za kwanza zenye video. Muundo wao uliitwa 3GP, na picha yake ya kawaida ilikuwa na nukta 176 kwa 144. Kanda ya video ikinaswa vizuri kwenye kompyuta kwa kipimo cha Ulaya hukaa kwenye nukta 720 kwa 576. Fanyeni hesabu: kati ya kila nukta 16, ilibaki moja. Kwa kutazama bao la mpira ndani ya basi ilitosha. Lakini wapo waliogeuza kanda za harusi na za misiba ya wazee wao kwa muundo huo, wakafurahi kuziona kiganjani, kisha wakaitupa kanda kwa kuwa imeota ukungu na deki imeharibika. Leo wakiitazama sura ya bibi kwenye televisheni kubwa wanaona vigae vya rangi vinavyotembea.

Tena kanda kuukuu ina uadui wa pekee na programu za kubana. Ule mlio wa "shhh" wa kaseti, na zile chenga za kanda ya video, ni vitu visivyo na mpangilio, na kisicho na mpangilio hakibaniki. Programu ikipewa tarakimu chache inazitumia kuandika chenga na "shhh", na sauti ya marehemu inapewa makombo. Kwa hiyo rekodi mbovu inahitaji nafasi zaidi kuliko rekodi safi. Watu hufanya kinyume: husema hii ni kaseti ya zamani, haina ubora, weka ndogo tu.

Hili linanipeleka kwenye tepu za taifa. Bendi zetu za miaka ya sitini, sabini na themanini zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu kubwa za gurudumu. Wasikilizaji nao walizinasa nyimbo hizo hewani kwa redio kaseti, na nakala za nakala zao zimo katika simu zetu mpaka leo. Fikirini safari ya wimbo mmoja kama huo: kutoka tepu ya studio hadi mitambo ya masafa ya kati inayokata sauti nyembamba, kutoka hewani hadi kaseti, kutoka kaseti hadi MP3, kutoka MP3 hadi muundo mwingine wa kutumiana kwa simu. Kijana wa leo anayesikiliza nakala hiyo na kusema kwamba wazee walirekodi vibaya, anawaonea. Anasikia machujio manne. Tepu ya kwanza ilikuwa na besi, ilikuwa na matoazi, na ilikuwa na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti.

Wapo wanaodhani kwamba jambo likishaingia kwenye kompyuta limesalimika. Waingereza walidhani hivyo. Mwaka 1986 BBC ilikamilisha mradi wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali lililoandikwa mwaka 1086. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walichangia maelezo na picha za maisha ya vijijini na mijini mwao. Vikawekwa kwenye diski za mwanga zilizosomwa na mashine maalumu iliyounganishwa na kompyuta ya BBC. Mwaka 2002, miaka 16 tu baadaye, mashine zile zilikuwa adimu kiasi kwamba ilibidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watunge programu inayoigiza ile kompyuta ya kale ili diski zisomeke tena. Daftari la mwaka 1086, lililoandikwa kwa wino juu ya ngozi ya kondoo, muda wote huo lilikuwa linasomeka na yeyote ajuaye Kilatini.

Ugomvi wa hataza umekwisha. Tarehe 23 Aprili 2017 Fraunhofer na wenzake walifunga mpango wao wa leseni za MP3, kwa kuwa hataza zenyewe zilikuwa zimefika mwisho wa umri wake. Mkaguzi aliyesema haiwezekani, mwanafunzi wa Australia, kadi ya wizi, barua za mwaka 1998 na viraka vya LAME, vyote vikawa historia. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kugeuza sauti kuwa MP3 bila kumwogopa mtu, na anaweza pia kuihifadhi katika muundo usiotupa chochote, kama FLAC, ambao diski za siku hizi zinaubeba bila kuhema.

Lakini miezi tisa kabla ya hapo, Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za video, ilifunga karakana ya deki hizo, ikieleza kwamba vipuri vimekuwa vigumu kupatikana. Deki zilizopo ndizo hizo hizo, na kichwa cha kusomea kikilika hakuna kipya dukani. Kanda ya saa tatu haikubali kuharakishwa na programu yoyote iliyotajwa leo. Itapita mbele ya kichwa hicho kwa saa tatu, kama ilivyorekodiwa, na kila inapopita inaacha vumbi lake kidogo.